Msimweke Chumba cha Ndani

Wewe uliyekata tiketi ya kuja nyumbani Krismasi hii, na wewe uliyebaki bomani ukiwangoja wanaokuja, mazungumzo ya leo ni yenu nyote. Nazungumza nikiwa Iguhu, Ikolomani, kaunti ya Kakamega, na nazungumza kama mama wa kijana mwenye mtindio wa ubongo. Hatembei. Maneno yake ni machache, na mgeni hayashiki upesi. Lakini anasikia kila kitu, anaelewa kuliko watu wanavyodhani, na anapenda sana watu. Huko kupenda watu ndiko kunakonifanya niizungumzie Desemba.

Desemba ndio mwezi maboma yetu yanapojaa. Nauli ya kutoka Nairobi inapanda, mahali pengine hata mara mbili, na bado watu wanapanda magari. Mashemeji wanafika na mikate, sukari na unga wa ngano, kuku wanakimbizwa nyuma ya jiko, watoto wa mjini wanauliza choo kiko wapi. Na katika maboma mengi, zaidi ya tunavyokiri, yuko mtoto mmoja ambaye siku hizo ndizo anazofungiwa ndani kuliko siku nyingine zote za mwaka. Si kwamba hapendwi. Utasikia, "Mwache apumzike, watu ni wengi." Utasikia, "Atajimwagia chakula mbele ya wageni." Mlango unarudishwa, pazia linashushwa, anapelekewa sahani yake. Kutwa nzima anawasikia binamu zake wakicheka upande wa pili wa ukuta.

Nasema hivi: ukoo unaokutana mara moja kwa mwaka hauna udhuru wa kumwachia mama mmoja mtoto huyu wakati huo huo ambapo mikono iko mingi. Iwapo kuna siku ambayo mtoto huyu anaweza kuwa wa boma zima, ni siku hizo.

Wengi wanadhani likizo ni kipindi cha nafuu kwa mzazi kama mimi. Sivyo. Shule zikifungwa mwishoni mwa Oktoba, mtoto anayesoma shule maalumu, tuseme Daisy pale Kakamega mjini au Joyland kule Kisumu, anaondoka kwa watu wengi anarudi kwa mtu mmoja. Kule ana walimu, ana mama wa bweni, ana wenzake wanaosukumana viti na kutaniana. Huku ana mimi, nami nina shamba, nina ng'ombe, nina maji ya kuteka. Na mwili wake haujui kwamba shule imefungwa. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo misuli yake hukaza, na isiponyooshwa kila siku hujikunja na kubaki hivyo. Goti likishazoea kukunjwa, kulirudisha ni kazi ya miezi, na wakati mwingine ya kisu cha daktari. Tulijionea mwaka 2020, shule zilipofungwa mwezi wa Machi kwa ajili ya korona na zisifunguliwe kwa wanafunzi wote hadi Januari 2021. Watoto walioondoka wakiweza kukaa wima kwenye kiti walirudi miguu ikiwa imekunjamana, na viti vyao vyenyewe vimekuwa vidogo, maana mtoto haachi kurefuka.

Kwa hiyo asubuhi yetu huanza sakafuni. Natandika mkeka, napasha mikono moto kwenye kikombe cha chai, nampaka mafuta. Nashika paja kwa mkono mmoja na kisigino kwa mkono mwingine, nanyoosha polepole mpaka nisikie msuli unakataa, nabaki hapo hapo bila kulazimisha, nahesabu hadi thelathini. Kisha mguu wa pili. Kisha vifundo, maana vidole vya miguu hupenda kuchungulia chini kama vya mtu anayechuchumia. Ukiharakisha, msuli unakasirika na kukaza zaidi, na mtoto analia. Sasa hebu chukua zoezi hilo ulitie katika nyumba ambayo wageni wamelala sebuleni mpaka mlangoni, chai ya watu wote inangojwa, na mama huyo huyo ndiye anayetarajiwa jikoni. Ndipo zoezi linaporukwa leo, likarukwa kesho, na kufikia mwaka mpya goti limeanza kukataa.

Yuko pia mtu mwingine ambaye likizo yake huliwa, na huyu hatajwi kabisa. Ni dada yake. Binti yangu alijifunza kumbeba kaka yake kabla hajajifunza kuendesha baiskeli. Wenzake wakienda mtoni, yeye anabaki "kumwangalia". Wakija binamu wa Nairobi na mazungumzo yao, yeye anainuka katikati ya hadithi kwa sababu kaka yake anataka kugeuzwa. Anampenda, na hajawahi kunilalamikia. Lakini mtoto asiyelalamika si ushahidi kwamba hachoki. Shangazi unayefika kutoka mjini, wewe tunayekuita senge, ukitaka kuniletea zawadi, mchukue binti huyu alasiri moja, mwende mkatembee, awe mtoto tu. Au ukae wewe na kaka yake, yeye aende. Zawadi hiyo hutaipata dukani.

Kuna jambo la lawama, na siwezi kulipita. Desemba ndipo maswali yanapokuja. "Kwenu alikuwepo mtu wa namna hii?" Swali hilo huulizwa mama, mara chache sana baba. Mwingine anakuja na jina la mtu wa maombi, mwingine na chupa ya dawa ya mitishamba, mwingine ananong'ona habari za mwiko uliovunjwa. Mimi naamini maombi, na naomba. Lakini ubongo wa mtoto huumizwa na mambo yanayojulikana. Mtoto aliyechelewa kulia alipozaliwa, hewa ikakosekana. Mtoto aliyepata manjano kali siku za kwanza, macho yakageuka rangi na watu wakasema itaisha yenyewe. Mtoto aliyeugua homa ya uti wa mgongo. Na huku kwetu, malaria inayopanda kichwani.

Hili la malaria tulijue vizuri sisi watu wa Iguhu, maana kijiji chetu kimefanyiwa uchunguzi na wanasayansi kwa miaka mingi, wakiwemo wa taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, KEMRI. Walitaka kujua kwa nini malaria inasumbua sehemu ya miinuko kama hii. Waliona kwamba watoto wanaokaa bondeni, karibu na mto Yala na madimbwi yake, hubeba vimelea zaidi kuliko wanaokaa juu kilimani, ingawa kati ya nyumba na nyumba ni mteremko wa dakika chache. Mbu wanazaliwa kule chini kwenye maji yaliyotuama, na hawana haja ya kupanda mlima wakimpata mtu karibu. Nao watafiti wa Uganda waliowafuatilia watoto waliopona malaria ya kichwa waligundua kwamba takriban mtoto mmoja kati ya wanne alibaki na shida ya kufikiri au kukumbuka miaka miwili baadaye. Kwa hiyo shemeji, ukitaka kujua kwetu kulikuwa na nani, jibu ni kwamba kulikuwa na mbu. Na mkija na watoto wenu kutoka Nairobi, ambao miili yao haijazoea malaria ya huku, waleteni na vyandarua, na mtoto akipata homa msingoje kesho.

Tuje kwenye chakula, kwa sababu Krismasi ya Mluhya ni chakula. Mnajua kwamba kuku akichinjwa, firigisi, yaani imondo, ni ya mwenye boma. Hakuna anayeigusa. Krismasi moja baba mkwe wangu, mzee asiyefanya mchezo na mila, aliletewa imondo yake mbele ya wanawe wote, akaitazama, akaamuru apewe mjukuu wake aliye kwenye kiti cha magurudumu. Mimi sikuwa pale, nilikuwa jikoni ambako mkaza mwana hukaa wazee wanapokula. Niliposikia niliogopa na kufurahi kwa wakati mmoja. Nilifurahi kwa sababu mzee alikuwa ametangaza, bila hotuba, kwamba huyu naye ni mwana wa boma. Niliogopa kwa sababu imondo ni ngumu, na kijana wangu ulimi na taya zake havifuatani. Kipande kigumu kinaweza kuteleza kikaziba koo. Mama mkwe, ambaye amemlisha tangu utotoni, aliichukua sahani akaja nayo jikoni. Tukaikatakata, tukaitia kwenye kinu na mchuzi, tukaiponda hadi ikalainika. Ikarudishwa, na babu mwenyewe akamlisha.

Nawaomba mjue namna ya kulisha, kwa sababu upendo usiojua namna unaweza kumpeleka mtoto hospitali. Asilishwe akiwa amelala chali, hata kama ndivyo ilivyo rahisi. Akae wima, kichwa kisirushwe nyuma, kidevu kielekee kifuani kidogo. Tonge dogo. Ngoja ameze, hakikisha mdomo hauna kitu, ndipo umpe lingine. Ugali ulainishwe kwa mchuzi. Mrenda kwa kweli ni rafiki mkubwa wa watoto hawa kwa jinsi unavyoteleza. Kaa naye usawa wa macho, usisimame juu yake. Chakula kikiingia njia ya hewa mara kwa mara, mapafu huugua, na watoto wengi wa hali hii huondolewa na nimonia, si na ulemavu wenyewe. Mlo wake mmoja unaweza kula muda wa milo yenu miwili. Basi mjomba mmoja ahame mezani, akale naye pale. Atapata pia masimulizi, akiwa na subira ya kuyasikiliza.

Na yule mwenye kifafa, maana watoto wengi wenye mtindio wa ubongo wana kifafa pia, Desemba ni mwezi wa hatari kwake kwa sababu mbili za kawaida kabisa: dawa inasahaulika, na watu hawalali. Kukosa dozi na kukosa usingizi vyote viwili huamsha degedege. Mtu mmoja mzima apewe kazi ya dawa, saa zile zile, hata kama kuna sherehe. Akianguka, mlazeni ubavu, ondoeni vitu vya kumwumiza, msimtie kijiko mdomoni, msimshike kwa nguvu. Tazameni saa. Ikipita dakika tano hajatulia, ni hospitali.

Nimezungumza mambo mazito. Sasa niseme habari ya raha, maana mtoto huyu hakuzaliwa kwa ajili ya kulishwa na kunyooshwa tu. Asubuhi ya tarehe 26 Desemba, au ya mwaka mpya, huku kwetu ng'ombe dume wanasindikizwa kwenda kupigana. Umande bado uko kwenye nyasi, fahali anatembea mbele na watu wake wanakimbia pembeni, na ngoma ya isukuti inapigwa njia nzima hadi uwanjani Malinya. Ngoma zetu ni tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe na njuga, na mwaka 2014 UNESCO iliuingiza mchezo wa isukuti wa Waidakho na Waisukha katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Wataalamu walihofia wachezaji wanazeeka na vijana hawarithi. Mimi nasema, mkitaka warithi, msiwaache wengine nyuma ya pazia.

Kijana wangu mshtuko wa sauti humtupa mikono hewani bila yeye kutaka. Ndivyo mwili wake ulivyo. Miaka ya nyuma kwa ajili hiyo watu walisema asipelekwe barabarani. Nikampeleka. Tulisimama mbali kwanza, tukawasikia wakija kutoka upande wa mtoni, nikamwambia sikioni wanakuja, wanakuja. Walipofika, mpigaji wa ngoma ndogo, kijana wa jirani, aliona nikiwa nimemshika mikono. Hakuuliza kitu. Aliiegemeza ngoma kwenye chuma cha kuwekea miguu, akapiga taratibu, mtetemo ukapanda kwenye kiti chote. Mwanangu alicheka kwa sauti ambayo hata fahali alisikia. Tangu siku hiyo binamu zake ndio wanaomsukuma hadi barabarani, na wanagombania kusukuma.

Lakini msikilizaji, kila mtoto ni wake. Jirani yetu mwingine ana binti mwenye usonji, na kwake ngoma hiyo hiyo ni mateso. Anaziba masikio, anajigonga kichwa. Furaha yake ni kukaa chini ya mparachichi na kupanga mawe kwa ukubwa, na mtu mmoja akae karibu naye bila kumsemesha. Hiyo nayo ni Krismasi. Kumtoa mtoto chumbani maana yake si kumtupa katikati ya makelele. Muulizeni mama yake anapenda nini, na mkishaambiwa, mfuate.

Watoto wenu hawana shida na haya. Mpe mtoto wa miaka saba nusu siku, atakuwa ameshagundua kwamba kaka huyu husema ndiyo kwa kuangalia juu, na atakuwa amemtungia mchezo. Sisi wazee ndio tunaosimama mlangoni tukimwuliza mama, "Huyu anaelewa?" wakati mwenyewe yuko pale anasikia. Msalimie yeye. Mpe mkono, umwambie jina lako, kisha ungoje. Jibu lake linachukua muda kutoka. Ngoja tu.

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 54, inasema mtu mwenye ulemavu atendewe kwa heshima, na aitwe na kutajwa kwa namna isiyomdunisha. Kabla ya hapo, sheria ya watu wenye ulemavu ya 2003 ilikwisha kuharamisha kumficha mtu mwenye ulemavu hata akakosa huduma anazostahili, na faini yake ilifika shilingi 20,000. Mwaka 2025 imekuja sheria mpya kuchukua nafasi yake. Sijawahi kusikia mtu wa huku aliyetozwa faini hiyo, wala si polisi ninaowatafuta. Ninachojua ni kwamba mtoto anayefichwa kwa mgeni wa Krismasi hufichwa pia kwa karani wa sensa. Sensa ya 2019 ilisema Wakenya wenye ulemavu ni asilimia 2.2 ya watu wa miaka mitano na zaidi, wakati Shirika la Afya Duniani linakadiria asilimia 16 ya watu wote ulimwenguni. Njia za kuhesabu hutofautiana, najua, lakini sidhani pengo kubwa hivyo linaelezwa na hesabu peke yake. Na serikali hupanga walimu na viti kwa kufuata idadi iliyoandikwa.

Sasa nigeukie wanaume wa boma. Mvua yetu inakaribia milimita 2,000 kwa mwaka, na kiti cha magurudumu katika udongo wetu ukishalowa hakiendi popote. Desemba kunakauka kidogo. Mko nyumbani, mna nguvu, na baada ya chai hamna kazi. Sawazisheni njia kutoka mlangoni hadi choo na hadi langoni, mtandaze kokoto na kuzishindilia, mpandishe mteremko wa mawe na udongo mahali pa ngazi. Ni kazi ya siku moja kwa watu wanne. Seremala apewe vipimo vya kiti chenye tundu, kiwekwe juu ya shimo la choo, mtoto aache kushikiliwa hewani na mama mwenye mgongo unaouma. Kijana wangu sasa ni mzito. Miaka miwili ijayo sitaweza kumwinua, na hilo si jambo la kuombewa, ni jambo la kupangwa.

Pesa nazo zisemwe. Mpango wa Inua Jamii huwapa walezi wa watu wenye ulemavu mkali, wa nyumba maskini, shilingi 2,000 kwa mwezi, na zinapokuja zinafaa. Lakini nepi za kijana mkubwa peke yake huzimaliza. Mchango wa ukoo unaotolewa kila mwezi kwa simu, hata uwe mdogo, unashinda harambee kubwa ya Desemba inayoisha kabla ya Februari. Mkae siku moja, wazee wawepo, binti yangu awepo, mwenyewe kijana awepo, mwandike nani anatoa nini na nani anakuja mwezi wa Aprili na wa Agosti, shule zikifungwa tena.

Na wewe mwenye gari, nina ombi la mwisho. Katika maboma haya wako watoto ambao hawajaandikishwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, na bila tathmini ya hospitali na kadi, milango mingi haifunguki. Kabla hujarudi Nairobi wiki ya kwanza ya Januari, chukua cheti cha kuzaliwa cha mtoto, kitambulisho cha mzazi na picha, uwapeleke wote wawili Kakamega mjini. Kwa gari lako si mbali. Kwa bodaboda, mama akiwa amemkumbatia kijana ambaye miguu yake inakaribia kugusa lami, na dereva anapiga honi kwenye kila kona, ni safari ambayo wengine wameiahirisha tangu mtoto akiwa wa kubebwa mgongoni.